Kiti cha Kushoto

Mimi si mtu wa kushtuka. Nalisema hilo mapema, usije ukadhani unasoma habari za mtu aliyechanganyikiwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini baada ya hapo nimesomea mengine. Nimebeba chumvi kichwani kutoka kwenye mashamba ya chumvi mpaka barabarani, maji ya chumvi yananiingia machoni. Nimevuka Ruvuma kwa mtumbwi ambao kiboko aliusukuma kwa chini tukiwa katikati ya mto, wenzangu wanapiga mayowe, mimi nachota maji kwa kopo na kuyarudisha mtoni. Nimeona gesi inakuja Mtwara, wageni wanajaa, kodi za nyumba zinapanda mpaka watumishi wanahamia vibandani, halafu wageni wanaondoka na zile nyumba zinabaki na popo. Nimeona korosho ikimpa mtu pikipiki msimu huu na kumnyang'anya msimu unaofuata. Wakati yote hayo yanatokea mimi nilikuwa nafyatua tofali. Ukipita Chuno, ukipita Mtawanya, sehemu kubwa ya kuta unazoziona zilipita kwenye mikono hii. Wenye vyeti vyao wananiita bosi, na mimi naitika.

Kwa hiyo nilipokwenda kununua gari jipya, sikutegemea kitu chochote kinishangaze.

Gari lenyewe lilikuwa la mke wangu. Nililinunua yeye ameshafariki, lakini lilikuwa lake.

Miaka yote tuliyohangaika pamoja alipanda pikapu. Kila asubuhi tulitoka nyumbani Chuno kwenda kiwandani kwetu Mtawanya, yeye kiti cha kushoto, chupa ya chai mapajani, mfuko wa simenti katikati ya miguu. Mimi nilikuwa na nguvu, yeye alikuwa na macho. Fundi akipunguza simenti kwenye mchanganyo, yeye ndiye aliyeona. Ila vumbi lilimchosha. Alikuwa akishuka getini anajikung'uta na kusema, "Baba, siku moja na mimi nikae kwenye gari kama mtu. Nimechoka kukaa kama mzigo."

Nikamwahidi. Na yeye akatoa masharti yake. Liwe gari dogo la chini, lile lenye buti lake nyuma, mizigo ikae kwake na watu wakae kwao. Na liwe jipya kabisa. Haya yanayotoka Japani yakiwa yametumika hakuyataka hata kwa bure.

"Wenyewe wamekufa," alisema. "Mzee anakufa huko kwao, watoto wanauza gari, linapandishwa meli. Unadhani yule mzee ameambiwa kwamba gari limeuzwa? Anapanda tu."

"Basi akifika Mtwara tutampikia wali," nikamwambia.

Hakucheka. "Mimi nataka gari ambalo hajakaa mtu."

Aliumwa kifua. Akalazwa, akarudi, akalazwa tena. Tukamzika Mahurunga, kwao, kwenye udongo ule mweusi wa karibu na mto. Sikufanya msiba wa aibu. Nilichinja ng'ombe, watu walikula wakabeba na mengine, na arobaini yake ilisomwa hitima ambayo mpaka leo inatajwa.

Lakini kwa watu wa mke wangu, arobaini haimmalizi mjane. Mwanamume aliyefiwa na mke anarudi ukweni, anakalishwa kwenye mkeka, shemeji yake anamnyoa, anamwogesha maji ya mto, halafu anatamkiwa kwamba ameachiwa. Kuna pesa kidogo anatoa. Wakati huo mimi nilikuwa na oda kubwa ya tofali, magari yanapanga foleni getini. Nikachukua simu nikatuma laki tano. Nikaandika: "Hii ya kuniachia. Kazi imenibana." Shemeji akajibu: "Imefika." Nikahesabu jambo limekwisha. Hao wanaokwenda wanatoa hata laki? Mimi nilituma tano.

Basi nikaanza kutafuta gari. Benki nilikuwa na milioni thelathini na tano nilizokwisha kuzitengea kazi hiyo. Jirani yangu, mwalimu mstaafu kutoka Kagera, akaja kukaa kibarazani kwangu kunielimisha.

"Jirani, kwa pesa hiyo unapata dude kubwa kutoka Japani, viti vya ngozi, kila kitu kinabonyezwa. Wewe unakwenda kununua kigari kama kiberiti?"

"Nataka jipya."

"Jipya ukilitoa tu dukani limeshakuwa la zamani."

"Mwalimu, umesoma mpaka mvi zikaota, na mlango wa gari lako la Japani unaufunga kwa kamba."

"Ile kamba ni ya muda."

"Muda gani? Tangu nimekuja kuishi hapa naiona."

Alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini mimi nilikuwa namsikia mtu mwingine kabisa. Gari ambalo hajakaa mtu.

Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam. Kwenye duka la magari mapya sakafu inang'aa unajiona mpaka meno. Binti wa mauzo akaniangalia ndala zangu, akaniuliza, "Shikamoo mzee, unamtafuta nani?"

"Marahaba. Namtafuta gari."

Walikuwa na madogo ya namna tatu. Sikutaka kusomewa karatasi. Niligonga milango kwa vifundo vya vidole, ninavyogonga tofali kusikia kama limekomaa. La kwanza, la bei ndogo, lililia kama debe, na vioo vyake vya nyuma vilizungushwa kwa mkono. La pili lilikuwa zuri lakini tumbo lake liko chini mno, barabara ya Mahurunga wakati wa mvua ingelichuna kama samaki. La tatu, jeupe, niligonga likajibu kwa sauti nzito. Nikafungua buti nikalipima kwa mikono: mifuko inaingia, na haigusani na mtu. Nikakaa nyuma, magoti yakapata nafasi. Halafu nikaenda kukaa mbele, kushoto. Nikafunga mlango. Ndani palikuwa na harufu ya plastiki tu. Nikakaa humo kwa muda.

Binti akaja akainama dirishani. "Mzee, usukani uko upande wa pili."

"Usukani naujua, binti yangu. Niache kidogo."

Alisema milioni arobaini na mbili na nusu. Tulivutana mpaka akaita mkubwa wake, na yule mkubwa akaita mwingine. Nikawashusha hadi arobaini na moja na laki tatu, na wenyewe wakakiri hawajawahi kumwona mzee king'ang'anizi kama mimi. Bima ikawa juu yangu, milioni moja laki nne na themanini.

Pengo nililiziba kwa kuuza pikapu. Alikuja mtu kutoka Newala akaikubali bila maneno mengi. Kabla sijampa funguo nikaingia kuondoa vitu vyangu. Upande wa kushoto, chini, vumbi la simenti lilikuwa limegandamana gumu kama sakafu, na katikati yake pamebaki alama mbili safi, nyembamba kisiginoni, pana mbele. Alipokuwa akiweka miguu yake. Mtu wa Newala akasema, "Hiyo nitasugua itatoka." Nikampa funguo.

Gari lilipofika Mtwara, kila aliyeuliza bei nilimwambia milioni hamsini. Ilikuwa raha kuwaona wakimeza mate.

Asubuhi ya kwanza nilitoka Chuno peke yangu, plastiki bado ziko kwenye viti. Nilikuwa sijafika hata barabara kubwa, gari likaanza kulia. Ti, ti, ti. Kwenye dashibodi taa nyekundu ikawaka, kile kipicha cha mtu aliyefunga mkanda. Mkanda wangu nilikuwa nimefunga. Nikaangalia kushoto. Kiti kitupu. Nikasimama, nikapapasa juu, nikapapasa chini. Hakuna hata karatasi. Nikaendelea, nalo likaendelea kulia mpaka kwenye geti la kiwanda Mtawanya. Pale getini likanyamaza, kabla sijazima injini.

Jioni nilirudi kimya kimya. Asubuhi iliyofuata likalia tena, nyumbani mpaka getini. Nikalipeleka bandarini, kimya. Nikalipeleka Mikindani na kurudi, kimya. Asubuhi, Chuno kwenda Mtawanya, linalia. Na kila mara linanyamaza palepale, mahali ambapo yeye alikuwa akishuka na kujikung'uta.

Nikampigia yule binti wa Dar es Salaam.

"Mzee, kile kiti kina sensa. Ikihisi uzito inadai mkanda. Kuna mzigo umeweka?"

"Hakuna."

"Huenda sensa ni mbovu. Lilete tulibadilishie, hulipi kitu. Kwa sasa wewe funga tu ule mkanda hata kama hakuna mtu, litanyamaza."

Nikafunga mkanda kwenye kiti kitupu. Likanyamaza kweli. Hivyo nikawa nakwenda kazini, mkanda umepita juu ya kiti kama umembana mtu kifuani. Vijana wa bodaboda pale kwenye kona hawakuchelewa kunitania. "Bosi, abiria wako leo amependeza!" Mwingine anasema, "Mwache, anamzoesha mkanda asije akakamatwa na trafiki." Nikawapigia honi nikapita. Dar es Salaam sikulipeleka.

Nikaanza kupunguza mwendo kwenye matuta, kwa sababu yeye mgongo ulikuwa unamsumbua. Nikaanza kusema habari za kiwandani kwa sauti. Kwamba mchanga wa safari hii una chumvi. Kwamba yule fundi mrefu ameanza tena ujanja wake kwenye mchanganyo. Nikifika getini nasimama kwanza, nasubiri muda ambao mtu mwenye mgongo angeutumia kushuka, ndipo naingia. Mafundi walikuwa wananiona. Hakuna aliyethubutu kuuliza, na mimi nilikuwa nawakazia macho wasithubutu.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu nyumbani hapakuwa na chochote. Gari lilikuwa na mtu, nyumba ilikuwa tupu. Dada yangu akasema nioe, mtu wa umri wangu hawezi kula chakula cha mgahawa kila siku. Akanitafutia mjane mmoja wa Mikindani, mama mtulivu, anacheka vizuri. Nilimpenda, sifichi. Siku moja alilala kwa dada yangu Chuno, na asubuhi akawa na safari ya Mtawanya kwa ndugu yake. Nikasema nitampeleka.

Akapanda kushoto. Akafunga mkanda mwenyewe, nikausikia unaingia. Tukatoka. Ti, ti, ti.

"Nimekosea kufunga?" akauliza. Akaufungua, akaufunga tena. Likaendelea kulia. Akauvuta kwa nguvu, umeshika. Taa nyekundu bado inawaka. Nikaona anasogea kuelekea mlangoni, kidogo kidogo, kama mtu aliyekaa benchi na mwenzake akamwegemea. Mikono ameikunja mapajani.

"Kaka, nishushe hapa."

"Ni sensa tu, mama. Ni mbovu."

"Sawa, ni mbovu. Nishushe. Hapa pana mtu."

Akashuka akaenda kwa miguu, hakugeuka nyuma. Nikabaki nimesimama kando ya barabara, mkanda umejirudia mahali pake, na gari linalia. Wallahi sikushtuka. Miguu tu ndiyo ilikataa kukanyaga mafuta.

Sikufika kiwandani siku ile. Nilishika njia ya Mahurunga.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, nilimkuta anaanika muhogo uani. Yeye ni mkulima, na mdomo wake haujawahi kupumzika. Akalizunguka gari huku anajifuta mikono.

"Hili ndilo la milioni hamsini?"

"Ndilo."

"Mbona kama teksi?"

"Ingia ujaribu kabla hujaanza kusema."

"Nisiingie nikadaiwa nauli, shemeji."

Mama mkwe alikuwa jikoni. Kwa kawaida ya kwao, mimi na yeye hatutazamani wala hatuzungumzi uso kwa uso. Alikaa mlangoni kwa ndani ametupa mgongo, kanga kichwani, na maneno yake yalipita kwa mwanawe ingawa wote tulikuwa tunasikia. Nikakaa kwenye kigoda upande wa pili wa uwanja nikaeleza. Nilianza kwa maringo, nikamaliza sina sauti. Shemeji aliacha kutabasamu nilipofika kwenye geti la kiwanda.

"Ile laki tano," nikasema, "si ilifika?"

"Ilifika, na tuliila. Ilikuwa tamu sana, asante. Lakini haikukuachia. Hii pesa inatoka mkononi inaingia mkononi, na kichwa chako kiko hapa. Ulitaka nikunyoe kwa simu?"

Sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni. "Mwulize pikapu iko wapi."

"Mama anauliza pikapu iko wapi."

"Nimeuza."

Kuku wanaparua maganda ya muhogo. Kisha yule mama akasema polepole, "Mwambie, kiti cha mwanangu alikiuza. Alitaka akae wapi?"

Shemeji hakurudia. Hakukuwa na haja.

Mama mkwe akatoka nje. Nikageuza uso kuelekea mashambani, kama inavyotakiwa. Nilisikia mlango wa kushoto unafunguliwa. Alisema maneno kwa Kimakonde, taratibu, kama mama anayemwamsha mtoto asubuhi. Kimakonde nakijua tangu nazaliwa. Maneno yale yalikuwa yao wawili, siyaandiki. Kisha mlango ukafungwa bila kupigizwa, na hatua zikarudi jikoni.

"Mwulize," akasema, "anataka aondoke kweli? Akishatolewa harudi kukaa pale."

"Umesikia, shemeji," akasema yule kaka. Sauti yake haikuwa na utani wowote.

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Nikiulizwa swali nina jibu kabla halijaisha. Pale nilitazama mashamba, nikatazama mstari wa miti ya mtoni na anga la Msumbiji nyuma yake. Nilifikiria asubuhi. Nilifikiria barabara ile bila mtu wa kumwambia kwamba mchanga una chumvi. Nikafikiria pia yule mama wa Mikindani alivyokuwa anajibana kwenye mlango, na nyumba yangu ya Chuno, vyumba vyote vimefungwa.

"Alitaka akae kama mtu," nikasema mwishowe. "Ameshakaa. Sasa apumzike."

Nilimsikia mama mkwe anavuta kamasi.

Walinipeleka mtoni mchana uleule. Wembe ulinunuliwa kwenye kibanda pale kijijini, shilingi mia tano. Sabuni ya kipande, elfu moja. Nikakaa kwenye mkeka, mgongo kwa mto, shemeji akaninyoa. Mkono wake ulikuwa mzito na mara mbili alinikata, akasema kichwa cha tajiri kigumu. Maji aliyonimwagia yalikuwa ya baridi na yana matope. Kisha nikatoa elfu mbili, noti mbili za elfu moja, nikaziweka kwenye viganja vyake, akazipokea kwa mikono yote miwili, akamtaja dada yake kwa jina lake la utotoni, jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia miaka yote ile, akamwambia, "Mwache mwenzio aende."

Wakati wa kuondoka shemeji alinitupia mfuko wa makopa, muhogo mkavu, zawadi kutoka kwa mama. Nikaondoka bila kuangalia nyuma, walivyoniagiza. Sijafika mbali, ti, ti, ti.

Moyo ulinipiga ukapaa. Sitakwambia kama ilikuwa hofu. Nikageuka kushoto haraka, mdomo nimeshaufungua kusema naye.

Ulikuwa ule mfuko wa makopa. Shemeji alikuwa ameutupa kwenye kiti cha mbele. Nikasimama, nikaubeba, nikaupeleka kwenye buti. Mzigo kwake, watu kwao. Nikarudi kwenye usukani, na gari likawa kimya mpaka mjini.

Asubuhi yake nikatoka Chuno kama kawaida. Nilivuka nyumba ya mwalimu, nikavuka ile kona, sikio langu liko kushoto. Hakuna. Nikakanyaga tuta kwa nguvu makusudi. Hakuna. Nilishazoea kusema mimi sishangazwi na kitu, na nilivuka kengele za mwezi mzima bila kuacha kwenda kazini. Ule ukimya nilishindwa kuuendesha. Ilibidi nisimame mahali, nifute macho kwa mkono wa shati, ndipo niendelee.

Getini nikasimama, kwa mazoea. Nikasubiri muda uleule. Yule fundi mrefu, mwenye ujanja wa mchanganyo, akaja kufungua, akaona kichwa changu kimenyolewa kina mikwaruzo. Nadhani alitaka kunitia moyo, na hakujua aanzie wapi.

"Bosi, pole. Hivi gari hii kweli imekula hamsini?"

Nikaangalia kile kiti. Plastiki yake bado ipo, haina hata mkunjo. Nikamwambia hapana. Gari lenyewe arobaini na moja na laki tatu. Bima milioni moja, laki nne na themanini. Laki tano ya kwenye simu ambayo haikunisaidia. Halafu wembe, sabuni, na noti mbili.

"Jumla?" akauliza.

Milioni arobaini na tatu, laki mbili, elfu themanini na tatu, na mia tano.